Choo kipi kwa kiwanja kipi: ulinganisho kwa wanaochota maji kisimani

Matangazo ya mafundi yamejaa mitandaoni na kwenye nguzo za umeme: "Tunajenga choo kisichojaa." Wateja hawakosekani, maana aliyezoea kulipia gari la majitaka kila masika hana haja ya kubembelezwa. Ila familia ya watu 6 wenye bomba ndani ya nyumba, kwa makadirio ya lita 80 kwa mtu, humwaga lita 480 za maji machafu kila siku. Hizo hazipotei. Kama hazijazi shimo, basi ardhi inazinywa, na kama kutoka chini ya shimo hadi kwenye maji ya ardhini ni hatua fupi, zinarudi juu kwa ndoo ya kisima, chako au cha jirani. Kwa hiyo kutojaa peke yake si sifa ya choo. Choo kilekile kinachofaa Njombe kwenye udongo mwekundu wenye kina kinaweza kuwa balaa Msasani au Makunduchi.

Hapa chini tunalinganisha aina kadhaa ambazo mwenye kiwanja anaweza kujenga mwenyewe au kumwelekeza fundi. Kigezo kikuu ni maji: choo kipi kinachafua maji ya ardhini kidogo zaidi, kwa ardhi ya namna gani, na kinataka kazi gani baada ya fundi kuondoka.

Ardhi kwanza

Kina cha maji kipimwe mwishoni mwa masika, Mei au mwanzoni mwa Juni. Anayepima Septemba anajidanganya, kwa sababu maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa misimu. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe katika kisima cha karibu alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, kisha pima kutoka usawa wa ardhi hadi maji yanapoanzia. Kati ya sakafu ya shimo la choo na maji hayo zibaki walau mita 2 za udongo usiolowa. Udongo wa namna hiyo ndio unaochuja: vijidudu vya kipindupindu, taifodi na kuhara hunaswa kwenye punje, hukaa humo penye hewa hadi vikafa. Udongo ukishalowa kabisa, vijidudu vinasafiri pamoja na maji. Watu wengi wamekariri mita 30 kati ya choo na kisima, na ni vizuri waendelee kuzikariri, lakini mita 2 za kwenda chini zina kazi kubwa kuliko hizo 30 za kwenda pembeni.

Kisha unywaji wa ardhi. Chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30, hadi kina ambacho majitaka yatatokea. Mwaga maji, acha palowe usiku kucha. Asubuhi jaza maji yenye kina cha sentimita 30, subiri nusu saa, pima yameshuka kiasi gani. Yakishuka chini ya sentimita 1, ardhi hiyo hainywi, na chochote utakachojenga kitafurika. Yakishuka zaidi ya sentimita 15, inakunywa mno: maji yanapita kabla hayajachujwa. Hili la pili ndilo mafundi wasilopenda kulisikia, kwa kuwa kwao ardhi inayokunywa haraka ndiyo ardhi nzuri.

Penye maweni, yaani jiwe la matumbawe kama sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Unguja na ukanda wa pwani kuanzia Mombasa kwenda Kilifi, kipimo hicho hakisemi kweli. Jiwe lina mianya na mapango madogo, na majitaka yakishapata ufa yanatiririka hadi kwenye maji bila kuchujwa na chochote. Hapo hata mita 30 si kinga.

La mwisho ni njia ya gari. Pima kutoka mahali gari kubwa linapoweza kusimama hadi kwenye kifuniko cha shimo. Ikizidi mita 30, waulize wenye magari ya eneo lako kama mipira yao inafika kabla hujachagua choo kitakachohitaji kunyonywa.

Choo cha shimo, na kile chenye bomba la hewa

Hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote na, mahali pake, si kibaya kama kinavyosemwa. Hakitumii maji mengi, kwa hiyo hakisukumi uchafu kwa nguvu kwenda chini. Baada ya miezi kadhaa kuta za shimo hujijengea utando wa vijidudu ambao nao huchuja.

Ukubwa wake unakadiriwa hivi: kwa wanaotumia maji kujisafisha, na shimo likiwa kavu, weka lita 60 za tope kwa mtu kwa mwaka. Wanaotumia karatasi ngumu, mabunzi au mawe waweke lita 90. Watu 6 kwa miaka 10 ni lita 3,600, yaani mita za ujazo 3.6. Shimo la duara lenye upana wa mita 1.2 litahitaji kina cha mita 3.2, na nusu mita ya juu huachwa tupu, jumla mita 3.7. Ongeza zile mita 2 za udongo mkavu: kina cha maji kikiwa kifupi kuliko mita 5.7 mwishoni mwa masika, shimo hilo usilichimbe. Hesabu hii fupi inaondoa mitaa mingi ya mabondeni Dar es Salaam na Kisumu.

Kwenye mchanga, shimo lazima lijengewe. Nusu mita ya juu jenga kwa mota ya saruji isiyopitisha maji ili mvua isiingie na panya wasichimbe. Chini yake acha viungo vya wima vya tofali bila saruji. Matairi na mapipa yanayotumika mitaani yanashikilia mchanga kwa muda, lakini pipa huoza kwa kutu, na tairi huacha mfuko unaojaa tope ambalo mpira wa gari haulifikii. Jamvi, yaani bamba la zege la kufunika shimo, la duara la mita 1.5, unene wa sentimita 8, linakula takriban mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na nondo za milimita 8 zilizopangwa kila sentimita 15. Limwagiwe maji siku 7. Jamvi lililokanyagwa siku ya tatu ndilo linalokuja kuvunjika na mtu juu yake.

Bomba la hewa ni maarifa yaliyoendelezwa Zimbabwe miaka ya 1970 na Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair. Upepo ukipita juu ya bomba hunyonya hewa ya shimoni. Harufu inatoka juu, na nzi wanaofuata mwanga wa bomba wananasa kwenye wavu na kufa. Ili lifanye kazi: bomba la PVC la milimita 110 au, bora zaidi, 150, lipite paa kwa sentimita 50, wavu usiooza kwa kutu, ndani ya choo pawe na giza, na tundu la kuchuchumalia lisifunikwe, maana hewa inaingilia hapo. Watu hufanya kinyume kwenye mawili ya mwisho. Wanaweka dirisha kubwa na kufunika tundu, halafu wanasema bomba halisaidii. Kujua kama linavuta, shika kijiti cha udi kwenye tundu: moshi ukishuka, linavuta.

Kasoro moja ya pwani: shimo likiwa na maji ndani, mbu aina ya Culex, wanaoeneza matende, huzaliana humo kwa wingi. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za foamu zinazoelea hadi zikafunika maji ya mashimo, na viluwiluwi vikakosa hewa. Tabaka la sentimita 1 hadi 2 linatosha na hudumu miaka. Ni bora mara nyingi kuliko mafuta ya taa, ambayo yanaua viluwiluwi vya wiki hii, kisha yanashuka kwenda kwenye kisima.

Karo na shimo la kunyonya

Karo ndilo chaguo la wenye uwezo, na ndilo linaloaminiwa kupita kiasi. Kazi yake ni moja: kutuliza maji ili mazito yazame na mafuta yaelee. Maji yanayotoka upande wa pili yanaonekana meupe kidogo, lakini yamebeba sehemu kubwa ya vijidudu vilevile. Kinachosafisha ni udongo wa baada ya karo.

Kwa watu 6 na lita 480 kwa siku, karo la ndani la mita 2 kwa 0.9, kina cha maji mita 1.3, linabeba lita 2,340. Maji hukaa humo zaidi ya siku 4 likiwa jipya, na muda unapungua tope linavyopanda. Ukuta wa kugawa uwekwe theluthi mbili kutoka upande wa kuingilia. Bomba la kuingia liwe juu ya la kutoka kwa sentimita 5 hadi 7. Bomba la kutoka livalishwe tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, inayozama chini ya utando wa mafuta. Tii hii ndiyo kitu kinachorukwa kuliko vyote, labda kwa sababu haionekani karo likishafunikwa, na bila tii utando wote unakwenda kuziba shimo la kunyonya ndani ya mwaka au miwili. Piga lipu ya ndani mara mbili kwa mchanganyiko wa 1:3, jaza maji, weka alama ukutani, rudi kesho yake. Yakishuka, karo linavuja.

Tope la karo linalopokea maji yote ya nyumba likadiriwe lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa karo hili, theluthi moja hujaa baada ya miaka 3 na kidogo, nusu baada ya miaka 5. Linyonywe ndani ya muda huo. Karo "lisilonyonywa miaka 15" limeacha kuwa karo zamani. Ni bomba pana linalopitisha kinyesi kwenda ardhini.

Sasa shimo la kunyonya lenyewe. Mafundi huchimba kwenda chini kwa mazoea, kumbe mtaro mrefu usio na kina unanywesha eneo lilelile la ardhi huku ukibaki juu ya maji. Jedwali hili ni la lita 480 kwa siku. Shimo ni la upana wa mita 1.5, na kina kinahesabiwa chini ya bomba. Mtaro una kina cha mita 0.7 cha kokoto chini ya bomba, na pande zake zote mbili zinahesabiwa.

| Udongo | Lita kwa mita ya mraba kwa siku | Kina cha shimo | Urefu wa mtaro |
|---|---|---|---|
| Mchanga mkubwa na wa kati | 50 | mita 2 | mita 7 |
| Mchanga laini | 33 | mita 3.1 | mita 10.5 |
| Tifutifu | 25 | mita 4.1 | mita 14 |
| Mfinyanzi usiopasuka | 10 | mita 10.2 | mita 34 |

Mstari wa mwisho unajieleza. Shimo la mita 10 ni kisima, na kumwaga majitaka ndani ya kisima si suluhisho. Kwa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, ule wa mbuga na wa sehemu nyingi za Nairobi, hata mtaro usijaribu: masika haunywi tone, kiangazi nyufa zinapitisha kila kitu.

Mtaro ujengwe hivi: upana sentimita 60, kokoto za sentimita 2 hadi 5 zilizooshwa, bomba la matundu la inchi 4 lenye mteremko mdogo sana, juu yake kokoto nyingine sentimita 5, kisha kitambaa au majani makavu ili udongo usishuke, halafu udongo. Usipitishe gari juu. Usipande mwarobaini wala mwembe karibu, migomba inafaa. Kiwanja kikiruhusu, chimba mitaro miwili na kisanduku cha kugeuzia maji, kila mmoja upumzike miezi 6. Mtaro uliopumzika hufunguka wenyewe.

Kati ya shimo na mtaro, penye nafasi chagua mtaro. Hili hatuna shaka nalo.

Vile vinavyoitwa "bio"

Vinavyouzwa sana Kenya, na sasa Tanzania, ni chemba ndogo ya zege yenye vyumba viwili au vitatu, wakati mwingine na kokoto au plastiki za kushikia vijidudu, halafu maji yanatoka kwenda kunyonywa. Chemba nzuri inaweza kusafisha kuliko karo la kawaida. Bado maji yanayotoka si salama, na bado yanahitaji eneo lilelile la jedwali la juu. Muulize fundi: maji yanatokea wapi, kwa kina gani, na mita ngapi juu ya maji ya masika? Akijibu kwamba vijidudu "vinayala maji", mtafute mwingine.

Unga au dawa ya kumwaga chooni ili tope liishe nayo imejaribiwa kwa vipimo Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, na tofauti ya maana haikuonekana kati ya mashimo yaliyotiwa na yasiyotiwa. Shimo tayari lina vijidudu kupita mahitaji yake.

Maji yakiwa juu: kuinua au kufunga

Njia ya kwanza ni kuinua. Shimo linachimbwa mita 1 hadi 1.5 tu, kisha linajengwa juu ya ardhi mita nyingine 1 hadi 1.5 kwa tofali zilizopigwa lipu pande zote, na ngazi za kupandia. Sehemu ya juu haivuji; ya chini inanywesha ardhi. Hili linafaa choo cha maji kidogo. Likiunganishwa na bafu au sinki litavuja pembeni kama chemchemi, na wajukuu watacheza humo.

Njia ya pili ni tangi lililofungwa kabisa, lisilonyonya popote. Kwa maji ya ardhini hakuna lililo salama zaidi, ila linadai nidhamu. Tangi la lita 5,000 likipokea maji yote ya familia yetu ya watu 6 hujaa kwa siku 10. Likipokea choo pekee, cha kumwagia kwa kopo, lita 10 kwa mtu pamoja na kutawadha, linakwenda siku 80 hivi. Likifungwa choo cha kuvuta cha lita 9, kila mtu akivuta mara 5 kwa siku, siku 18. Maana yake ni kwamba tangi la kufungwa bila kutenganisha maji ya bafu na jikoni haliwezekani kifedha. Maji ya kuoga na kufulia yapelekwe kwenye mtaro mfupi wa migomba. Hayana madhara ya kiwango cha kinyesi, ingawa si ya kunywa.

Tangi la plastiki likizikwa mahali maji yanapopanda, siku gari linapolinyonya masika linaibuka. La lita 5,000 likizama lote husukumwa juu kwa nguvu ya takriban tani 5. Zege lililo ndani ya maji hubaki na uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji kama mita za ujazo 3.5 za zege lililofungwa kwenye tangi, au ulizike nusu tu, au ulinyonye kiangazi. Wengi hugundua haya bomba likiwa limekatika.

Mashimo na matangi ya mabondeni ndiyo yanayotapishwa. Mvua inakuja, mtu anatoboa tundu ukutani, mafuriko yanabeba. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea karibu nchi nzima kinaonyesha njia hiyo inafika wapi. Ukinunua nyumba bondeni, angalia upande wa shimo unaoelekea mtaro wa mvua: kiraka cha saruji mpya au kizibo cha tambara kinakueleza historia yake.

Choo cha mkojo mbali, kinyesi mbali

Hiki hakichimbwi kabisa. Vyumba viwili juu ya ardhi, kila kimoja cha takriban lita 600 hadi 650 (mfano mita 1 kwa 0.8 kwa 0.8) kwa watu 6 kwa mwaka. Bakuli lina sehemu ya mbele ya mkojo na tundu la nyuma la kinyesi. Kila baada ya haja, kikombe kimoja au viwili vya majivu makavu. Chumba kikijaa hufungwa mwaka mzima kwa joto letu la zaidi ya nyuzi 20, huku cha pili kikitumika. Mayai ya minyoo aina ya Ascaris ndiyo yanayokufa mwisho, na ndiyo sababu ya mwaka mzima. Anayefungua baada ya miezi mitatu kwa kuwa "haina harufu" anapeleka minyoo kwenye mchicha.

Kwa maji ya ardhini kinazidi vyote, tena kinafaa kwenye maweni na kwenye maji ya juu. Kinavunjika kwa mambo mawili. La kwanza ni maji ya kutawadha: yakiingia chumbani, kinyesi kinalowa, kinanuka, kinatoa funza. Kwa Waislamu wa pwani choo hiki bila kisehemu cha tatu cha kujisafishia, chenye bomba lake linalokwenda kwenye kishimo cha kokoto kilichotenganishwa, hakitatumika, na fundi asiyeuliza hilo anapoteza fedha za mwenye nyumba.

La pili ni mkojo. Watu 6 hutoa kama lita 7 kwa siku. Dumu la lita 20 linajaa siku ya tatu. Ni mbolea nzuri: zimua sehemu 1 kwa 3 hadi 10 za maji, mwaga kwenye udongo na si kwenye majani, acha mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Lakini mkojo wa mtu mmoja kwa mwaka unatosha mita za mraba 300 hadi 400 za mazao. Watu 6 wanahitaji karibu nusu ekari. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hutaweza kuutumia wote, na ukiumwaga shimoni umepeleka ardhini naitrojeni uliyokuwa unaikwepa. Durban walijenga makumi ya maelfu ya vyoo hivi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakazi wengi walibaki wakitamani choo cha kuvuta, hasa kwa kutopenda kupakua wenyewe. Kabla ya kujenga, kubalianeni nani atapakua.

Bayogesi

Mtambo wa kuba wa kudumu, wa aina iliyoendelezwa na CAMARTEC ya Arusha, ni mzuri kwa mwenye ng'ombe. Choo kikiunganishwa nao ni nyongeza tu. Kinyesi cha watu 6 peke yake kinatoa kama mita ya ujazo 0.2 ya gesi kwa siku, isiyotimiza saa moja ya jiko. Kwa ng'ombe wawili wa ndani na kilo 20 au zaidi za samadi kila siku, mambo yanabadilika. Tope linalotoka bado lina vijidudu, lisipelekwe kwenye mboga za kuliwa mbichi. Nyufa za kuba nazo si jambo dogo: methani inapasha joto hewa karibu mara 28 kuliko kabonidayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, kwa hiyo mtambo unaovuja ni hasara mara mbili. Mjini bila mifugo, achana nao.

Pale ambapo choo si jibu

Kuna kiasi cha msongamano ambacho hakuna choo cha kunyonya kinachoweza kukitibu. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka, nyingi kwenye mkojo. Watu 6 ni kilo 24. Tuseme robo tu, kilo 6, inafika kwenye maji kama naitreti: hizo ni kilo 26 na zaidi za naitreti. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinachopokea milimita 200 za mvua inayozama kwa mwaka kina lita 80,000 za kuichanganya. Matokeo ni zaidi ya miligramu 300 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Udongo unanasa vijidudu, haunasi naitreti. Kuchemsha kunaizidisha, maana maji yanapungua na yenyewe inabaki, klorini haiigusi. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, kwa sababu damu yake inashindwa kubeba oksijeni.

Kwa hiyo mtaani ambako kila nyumba ina shimo, kisima kifupi kitumike kufulia, kudeki na kumwagia choo, na maji ya kunywa yatoke bombani hata kama ni kwa kununua ndoo. Fedha ya kubadili choo chako peke yako, huku majirani 10 wakiendelea kunywesha ardhi ileile, haitakupa maji safi.

Kuchagua

Shamba lenye nafasi, maji yenye kina cha mita 6 au zaidi, udongo wa tifutifu: shimo lenye bomba la hewa, wala usione haya. Nyumba yenye bomba la maji, kiwanja cha mita 25 kwa 25 au zaidi, mchanga laini: karo la vyumba viwili na mtaro. Uwanda wa maweni: choo cha kutenganisha chenye kisehemu cha kutawadha, au tangi la kufungwa kwa choo pekee kama gari linafika. Bondeni, maji mita 1 hadi 2 masika: tangi la kufungwa lililotiwa uzito, na kama gari halifiki, choo cha kutenganisha. Karibu na mto, ziwa au bahari, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inaweka mita 60 za kinga. Mukuru, Nairobi, ambako vyumba vimebanana, huduma ya makontena ya kinyesi yanayobadilishwa kama ile ya Fresh Life inashinda chochote ambacho mwenye nyumba angejenga. Kasoro yake ni kwamba huipati isipokuwa mahali kampuni inapofanya kazi.

Nyumba ya kupangisha yenye vyumba 8 na watu 25 ihesabiwe peke yake. Choo cha maji kikiwa cha shimo, tope ni takriban lita 1,000 kwa mwaka, na hilo ni bila takataka. Pampasi, taulo za kike na vitambaa vinaongeza kwa kasi na ndivyo vinavyokwamisha mpira wa gari, hadi wenye gari wanabaki wakinyonya maji ya juu tu huku tope likibaki chini limeganda. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya choo na mtu wa kuimwaga. Weka kifuniko cha kunyonyea cha sentimita 60 kwa 60 nje ya ukuta, si chini ya kitanda cha mpangaji kama inavyotokea nyumba ikiongezwa chumba. Asishuke mtu shimoni kwa sababu yoyote: gesi ya humo inaua kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Na siku gari likija, uliza linakwenda kumwaga wapi. Dar es Salaam kuna mabwawa ya Vingunguti. Dereva anayekupa bei ya nusu pengine ameona mto ulio karibu zaidi.